WAZO SI AMRI

Kila binadamu hupata mawazo ya ajabu. Mtu amepanda juu ya miamba ya kilima cha Bujora, pale Kisesa. Anatazama chini. Mara wazo linamjia: "Je, nikijirusha?" Hataki kujirusha. Hana shida yoyote. Anatikisa kichwa, anateremka, anasahau.

Mwingine yuko ndani ya mtumbwi. Wazo linamjia: "Je, nikiitupa pesa hii ya samaki majini?" Haitupi. Anacheka peke yake, anaendelea kupiga kasia.

Mawazo ya namna hii si ugonjwa. Huja na kupita, kama magugu maji yanayosukumwa na upepo ziwani. Lakini wako wenzetu ambao wazo likiwajia haliondoki. Huwang'ang'ania mchana na usiku. Huwalazimisha kufanya jambo lile lile mara nyingi mpaka kazi zao zinalala. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Leo tutajifunza habari zake. Tutajifunza pia njia moja ya kuituliza akili ambayo inaweza kuwasaidia wagonjwa hawa.

USAFI NI AFYA, LAKINI UNA KIASI

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Kisha wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba na kufukia madimbwi ya mbu. Kampeni ile ilileta faida kubwa.

Usafi ni lazima. Nawa mikono kwa maji na sabuni utokapo chooni. Nawa kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto. Kunawa vizuri huchukua muda mfupi tu, kama sekunde 20. Ukimaliza, umemaliza.

Sasa mfikirie mtu ambaye ananawa, anafuta mikono, halafu anaona bado ni michafu. Ananawa tena. Anaona bado. Ananawa mara kumi, mara ishirini. Ngozi inachubuka na kutoa damu. Ndoo ya maji iliyochotwa mbali imekwisha, na bado hajaridhika. Mtu huyu hatafuti usafi tena. Anaikimbia hofu. Na hofu hiyo haitoki kwa maji.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ugonjwa huu una sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni mawazo yanayong'ang'ania. Humjia mtu bila kuitwa, humtisha au kumwaibisha, na hawezi kuyafukuza.

Sehemu ya pili ni vitendo vya kurudiarudia. Mtu huvifanya ili hofu ipungue. Vingine huonekana, kama kunawa. Vingine hufanyika moyoni, kama kuhesabu au kurudia maneno fulani.

Hizi ni baadhi ya dalili zake:

1. Kuogopa uchafu au maradhi kupita kiasi, na kunawa au kufua bila kukoma.

2. Kuamka usiku mara nyingi kuangalia kama mlango umefungwa au kama moto jikoni umezimwa, ingawa umekwisha kuangalia.

3. Kupanga vitu, kuhesabu au kugusa kwa namna ile ile, na kuanza upya ukikosea kidogo.

4. Kupata mawazo ya kumdhuru mtu umpendaye, au mawazo ya matusi wakati wa sala, na kuyaogopa sana.

5. Kuuliza swali lile lile mara nyingi ili upate uhakika. "Mume wangu, nimefunga mlango?" "Umefunga." Baada ya dakika tano: "Kweli nimefunga?"

Kuangalia mlango mara moja au mbili si ugonjwa. Mwenye ng'ombe lazima aangalie kama zizi limefungwa. Ni ugonjwa pale mambo haya yanapokula zaidi ya saa nzima kila siku, au yanapokuzuia kulima, kulala, kusoma au kukaa vizuri na watu.

Katika kila watu 100, mmoja au wawili, na pengine hata watatu, hupata ugonjwa huu katika maisha yao. Mara nyingi huanza utotoni au katika ujana. Huwapata wanaume na wanawake, matajiri na maskini. Kwa hiyo katika kijiji chako yumkini yupo anayeugua. Humjui kwa sababu anaona aibu, naye anajificha.

JINSI MTEGO UNAVYOFANYA KAZI

Mbona mgonjwa haachi tu? Watu wengi huuliza hivyo. Sikiliza mfano huu.

Mbwa wa jirani amekuja mlangoni kwako, anabweka. Unataka akae kimya. Unamtupia kipande cha ugali. Anakula, ananyamaza, anakwenda. Umepata nafuu. Lakini kesho atarudi, na kesho kutwa atarudi mapema zaidi. Wewe mwenyewe umemfundisha kuja.

Hofu ya ugonjwa huu ni kama mbwa huyo. Mgonjwa akinawa, hofu hunyamaza kidogo. Kwa hiyo akili hujifunza: "Nimepona kwa sababu nilinawa." Hofu ikirudi, hudai kunawa tena, na mara hii zaidi. Kila anapoitii, anailisha.

Ubaya mwingine ni huu. Mtu akijaribu kulifukuza wazo kwa nguvu, wazo huzidi. Jaribu mwenyewe. Kwa muda wa dakika moja usifikirie kabisa kiboko. Umeona? Kiboko amekuja. Kupigana na wazo ni kuliita.

MAMA NA MTOTO MCHANGA

Tuchukue mfano. Mama huyu si mtu fulani, ni mfano wa kutufundisha.

Mama mmoja wa kijiji cha kando ya ziwa amejifungua salama. Mtoto ana majuma matatu. Siku moja amembeba mgongoni, amekwenda kuteka maji. Mara wazo linamjia: "Mtupe mtoto majini." Mama anashtuka. Moyo unadunda. Anampenda mtoto wake kuliko kitu chochote. Anajiuliza: "Mimi ni mama wa namna gani?"

Tangu siku hiyo haendi ziwani na mtoto. Kisha anaogopa kumwogesha. Kisha anaficha visu vya jikoni. Mwishoni anamwachia mama mkwe mtoto kutwa nzima, na mtoto hanyonyi vya kutosha. Hamwambii mtu sababu. Anaogopa ataitwa mchawi au mwenye mapepo, na kwamba atanyang'anywa mtoto.

Hapa ndipo hatari ilipo. Wazo lenyewe halikumdhuru mtoto. Lakini kujificha kulimnyima mtoto maziwa, na kulimnyima mama usingizi na furaha.

Siku ya kupima uzito wa mtoto, mtoto alionekana amepungua. Muuguzi alimwuliza mama kwa upole. Mama akalia, akasema yote. Muuguzi hakushtuka. Alimwambia: "Pole sana, mama. Akina mama wengi hupata mawazo kama hayo. Yanakutisha kwa sababu hutaki kabisa kufanya hivyo. Huu ni ugonjwa, na tutakusaidia."

Maneno ya muuguzi huyu ni ya kweli. Majuma ya baada ya kujifungua ni kipindi ambacho ugonjwa huu unaweza kuanza au kuzidi. Mama anayeteswa na wazo la namna hii, akalichukia na kulikimbia, si mwuaji. Asifukuzwe. Asipigwe. Asitengwe na mtoto wake. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya.

Lakini tusikilize vizuri, maana uko ugonjwa mwingine wa baada ya kujifungua ambao ni wa hatari zaidi. Katika ugonjwa huo mama husikia sauti zisizokuwapo, husema mambo yasiyoeleweka, halali kabisa, au huamini kwamba mtoto si wake au ni shetani. Huenda haoni kwamba mawazo yake ni mabaya. Mama huyu asiachwe peke yake na mtoto. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

SI UCHAWI WALA SI UVIVU

Ugonjwa huu ni wa zamani, na watu wa mataifa mengi wanaujua. Neno letu "wasiwasi" lenyewe limetoka katika Kiarabu. Asili yake ni mnong'ono, kama mtu anayekunong'oneza sikioni. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni aliyeitwa Abu Zayd al-Balkhi aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi. Aliishi katika nchi ambayo leo inaitwa Afghanistan, akafariki mwaka 934. Katika kitabu hicho aliyataja mawazo yanayomng'ang'ania mtu kuwa ni maradhi ya peke yake, tofauti na huzuni, hasira na hofu ya kawaida.

Siku hizi wataalamu wanajua kwamba ugonjwa huu unahusu jinsi ubongo unavyofanya kazi. Ni kama kengele ya hatari inayolia hata pasipo mwizi. Huweza kupatikana zaidi katika baadhi ya koo. Mashaka makubwa, kama msiba au ugumu wa maisha, yanaweza kuuzidisha. Hauambukizi. Hauletwi na jirani. Kwa hiyo usipoteze ng'ombe zako kumtafuta aliyekuroga. Wala mgonjwa asilaumiwe kwamba ni mvivu au hana imani.

MATIBABU YAKO

Mwaka 1966, mtaalamu mmoja wa London, Victor Meyer, alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili. Njia yake ilikuwa ngeni wakati ule. Mgonjwa alikutanishwa na kile anachokiogopa, kisha akasaidiwa asifanye kitendo chake cha kurudiarudia. Wagonjwa wale walipata nafuu. Tangu wakati huo njia hiyo imejaribiwa na kuthibitishwa katika nchi nyingi. Leo ndiyo matibabu ya mazungumzo na mazoezi yanayotegemewa zaidi kwa ugonjwa huu.

Njia hii hupanda polepole, kama mtu anayepanda ngazi. Anayeogopa uchafu hushika mpini wa jembe, kisha hangoji hofu iondoke ndipo akae. Hukaa nayo bila kunawa kwa dakika kumi. Siku nyingine hukaa dakika ishirini. Hofu hupanda, hufika juu, halafu hushuka yenyewe. Akili hujifunza jambo jipya: "Sikunawa, na sikufa." Kunawa kwa kawaida, utokapo chooni na kabla ya kula, kunabaki pale pale. Mara moja, basi.

Ziko pia dawa. Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa ya klomipramini katika orodha yake ya dawa za lazima kwa ajili ya ugonjwa huu. Nyingine inayotumika ni fluoksetini. Dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku moja. Zinaweza kuhitaji majuma manane hadi kumi na mawili kabla nafuu haijaonekana vizuri. Usizinunue kiholela. Usiziache ghafla kwa kuwa umejisikia vizuri. Mama mjamzito au anayenyonyesha amweleze daktari, naye atachagua ifaayo.

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Eleza mambo yote bila kuficha. Wakiona inafaa watakupa barua ya kwenda hospitali kubwa. Kwa sisi wa Bujora, Kisesa na vijiji vya jirani, hospitali ya Bugando mjini Mwanza ina idara ya magonjwa ya akili. Kwenda huko si aibu. Ni sawasawa na kwenda kutibiwa malaria.

KUTULIA NA KUTAZAMA

Sasa tuitazame ile njia ya kuituliza akili. Asili yake ni mafundisho ya kale ya Wabudha wa Asia. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn wa Marekani alianza kuifundisha kwa wagonjwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, bila kuwataka wafuate dini yoyote. Sisi tutaiita kutulia na kutazama. Maana yake ni kuiweka akili mahali ulipo sasa, na kuyatazama mawazo yako bila kupigana nayo na bila kuyatii.

Mchungaji mzuri analijua jambo hili. Ng'ombe mmoja akitoka kwenye kundi kuelekea shamba la pamba la watu, mchungaji hakasiriki. Humzunguka na kumrudisha taratibu. Akitoka tena, humrudisha tena. Akili nayo ni hivyo. Hutoroka. Kazi yako ni kuirudisha bila kuipiga.

Fanya hivi, kwa dakika tano au kumi kila siku:

1. Kaa mahali pa kawaida, chini ya mti au juu ya kigoda. Huna haja ya kufumba macho.

2. Sikiliza pumzi yako inavyoingia na kutoka. Usiilazimishe.

3. Wazo likija, litambue. Sema moyoni: "Nimepata wazo kwamba mikono yangu ni michafu." Usiseme: "Mikono yangu ni michafu." Maneno haya mawili ni tofauti sana.

4. Usibishane nalo. Usilifukuze. Liache liwepo. Ni kama wingu la vijidudu vinavyoruka kutoka ziwani. Huwezi kuvikata kwa panga. Vitapita vyenyewe.

5. Irudishe akili kwenye pumzi. Ikitoroka mara 50, irudishe mara 50. Hujakosea. Kule kurudisha ndilo zoezi lenyewe.

Unaweza kufanya hivi hata kazini. Unapopalilia, tazama jembe linavyoingia udongoni, sikia uzito wa mpini, sikia harufu ya udongo. Unapoanika dagaa, sikia jua mgongoni. Ngoma inapopigwa Bujora, sikiliza mlio mmoja mmoja. Wazo likikuita, likaribishe likae pembeni, wewe endelea na kazi.

Lakini angalia sana mambo matatu.

Kwanza, njia hii si ya kuifuta akili iwe tupu. Mgonjwa akikimbilia kuvuta pumzi kila anapoogopa ili wazo litoke upesi, basi pumzi imekuwa kunawa kwa namna nyingine. Anamlisha mbwa yule yule. Tunatulia ili tuweze kukaa na hofu, si kuikimbia.

Pili, njia hii ni msaidizi. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba inaweza kuwaletea nafuu baadhi ya wagonjwa. Lakini haichukui nafasi ya mazoezi ya kuikabili hofu wala dawa ulizopewa na daktari.

Tatu, ukiona zoezi linakuzidishia hofu au huzuni siku baada ya siku, liache na umweleze mganga wa zahanati.

Yule mama wa mfano wetu alitibiwa hivyo. Kwanza alimwogesha mtoto huku mama mkwe amekaa karibu. Kisha alimwogesha peke yake. Kisha alimbeba mpaka mwanzo wa njia ya ziwani, baadaye mpaka majini. Wazo lilikuja. Akasema moyoni: "Ni wazo tu." Akaendelea kujaza ndoo. Hakuacha kupata wazo hilo kwa siku moja. Lakini liliendelea kuja kwa unyonge, na mtoto akanyonya na kuongezeka uzito.

JAMAA WASAIDIE NAMNA GANI?

Mume, mke, wazazi na watoto wana kazi kubwa.

Msimcheke mgonjwa wala kumfokea. Mara nyingi anajua kwamba hofu yake haina msingi, na bado inamtesa.

Msimfanyie vitendo vyake. Akiwataka mfue nguo zote upya, au mumjibu swali lile lile mara ishirini, nia yenu ni njema, lakini mnaulisha ugonjwa. Patana naye mapema, akiwa ametulia. Akiuliza tena, mjibu hivi: "Mke wangu, ile ni sauti ya ugonjwa. Tulikubaliana nisiijibu. Njoo tukae pamoja mpaka ipite." Msiache yote kwa siku moja, punguzeni kidogo kidogo.

Msifieni anapojitahidi, hata kwa jambo dogo.

Mgonjwa akisema hataki kuishi, au anataka kujiua, msimwache peke yake. Mwondoleeni sumu za pamba, kamba na vitu vyenye ncha, na mpelekeni kituo cha afya upesi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kila mtu hupata mawazo ya ajabu. Wazo si tendo, na wazo si amri.

Kitendo cha kurudiarudia hutuliza hofu leo na huilisha kesho.

Usipigane na wazo, wala usilitii. Litambue, liache lipite, endelea na kazi.

Ugonjwa huu si uchawi. Unatibiwa kwa mazoezi ya kuikabili hofu, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Mama aliyejifungua akikueleza mawazo yanayomtisha, msikilize kwanza. Kisha fuatana naye mpaka zahanati.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kuna tofauti gani kati ya mtu msafi na mtu anayeugua ugonjwa huu?

2. Kwa nini kumjibu mgonjwa swali lile lile mara nyingi hakumsaidii?

3. Kama jirani yako angekuambia ana mawazo kama ya yule mama, ungemwambia nini? Kila mmoja katika kikundi ajibu.

4. Katika kijiji chenu, watu huwafanyia nini wagonjwa wa namna hii? Ni lipi jema la kuendeleza, na lipi baya la kuacha?